Njooni Mufukie

Gisenyi, Majengo
8 Machi 1999

Kwa dada wa redio,

Asalaam aleikum. Jina lako sikulishika vizuri, kwa sababu redio yetu huanza kukohoa kila inapofika penye jambo la maana. Nilichoshika ni kwamba wewe ni mtaalamu wa mambo ya kale huko Butare, na kwamba ulisema kwa Kiswahili safi cha Tanzania: mwenye mawe makubwa shambani kwake yaliyopangwa na watu wa kale, asiyavunje, aandike barua. Mimi ninayo, na ninaandika.

Naitwa Nasrine, fundi cherehani, mama wa Saidati. Shamba la marehemu baba yangu liko kilimani juu ya Mahoko. Kileleni pana mawe meusi yamesimamishwa kwa duara, mengine yanamfikia mtu kifuani, na katikati limelazwa moja pana kama kitanda cha watu wawili. Hakuna anayejua nani aliyapanga. Bibi yangu aliyakuta, na bibi yake aliyakuta.

Sasa komini, serikali yetu ya hapa, imeamua kilima chetu kijengwe umudugudu, watu wakae pamoja, nyumba kwa mistari. Hilo sipingi, watu wanahitaji pa kulala. Lakini msimamizi wa ujenzi, bwana Karenzi, anayatazama mawe yale kama paka anavyotazama samaki. Anataka kuyavunja yawe misingi. Nilipomkataza alinicheka: “Mama, mawe iko mawe. Kama haiko ya mutu, iko ya nyumba.”

Donc, yaani kwa hiyo, ninakuomba uje uyawekee alama ya serikali, yasiguswe. Yasiguswe na mtu yeyote.

Nasrine


Butare
22 Machi 1999

Mama Saidati, shikamoo.

Redio yako imekohoa penyewe: jina langu ni Mukamazimpaka Drocella. Nilizaliwa Karagwe, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 59. Kinyarwanda changu cha kuandika kinachechemea na Kifaransa kinanikimbia kabisa, kwa hiyo barua yako ya Kiswahili nimeipokea kama mgeni aliyekuja na sukari.

Na habari yako ni tamu kuliko sukari. Mawe meusi ni ya volkano. Kilima cha Mahoko, nijuavyo, ni udongo mwekundu. Maana yake mawe hayo hayakuzaliwa hapo. Watu waliyabeba kutoka mbali, wakapanda nayo. Nani hubeba jiwe la kumfikia mtu kifuani akapanda nalo mlima kwa mchezo? Kule Turkana, na kule Afrika ya Kati, watu wa kale walisimamisha mawe juu ya wafu wao. Hapa kwetu bado hakuna aliyeonyesha kitu kama hicho. Mkuu wangu anasema mawe yako ni takataka za wakulima waliokuwa wanasafisha mashamba. Mimi sikubali, lakini kutokubali kwangu si ushahidi, na komini haitahamisha nyumba hata moja bila ushahidi.

Kwa hiyo naomba idhini yako. Nitakuja na wenzangu wawili. Tutafukua sehemu ndogo karibu na jiwe la katikati, tutapima, tutachora, na tukipata mkaa tutauchukua ili tujue umri wake. Kisha tutafukia vizuri, hata usijue palipoguswa. Bila neno la mwenye shamba siweki hata kijiti. Niandikie kwa mkono wako kwamba umekubali.

Na uniambie: makaburi hayo ni ya zamani kweli?

Wako,
Drocella


Gisenyi, Majengo
6 Aprili 1999

Drocella,

Marahaba, binti yangu. Huku hatusemi shikamoo, lakini nimeionja na ni tamu; endelea kuileta.

Umeuliza kama ni ya zamani. Siku hizi ukimwuliza mtu wa Gisenyi habari za zamani, atakusimulia mwaka 93, kabla ya vita. Haya mawe ni zamani ya zamani, tuseme hivyo.

Karenzi ameshapiga vigingi vyake. Amechimba na mitaro ya vyoo upande wa chini. Nilikwenda nikamwonyesha barua yako, akaisoma kichwa chini miguu juu, akasema Butare ni mbali. Nikamwambia na Karagwe ni mbali, lakini mwenye barua ametoka huko akafika.

Nimekubali. Njooni mufukie. Mufukie vizuri; udongo upo wa kutosha, na majembe nitaazima kwa majirani. Barua hii nampa Aloys, dereva wetu wa Kigali, ataikabidhi kwa mwenzake wa Butare.

Nasrine


Butare
14 Mei 1999

Bi Nasrine,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitazificha.

Tulisafiri siku nzima mpaka kwenu. Jumanne tulipanda kilima pamoja na konseye wa sekta, yule diwani wenu, ambaye nilimbembeleza kwa simu mpaka akaja. Tulifunga kamba kuzunguka pale tunapotaka kufanyia kazi. Nikapiga magoti, nikaweka mwiko wangu wa kazi kwenye udongo, na wewe, uliyeniita, ukanikamata mkono mbele ya watu wote ukanipigia kelele: “We mwizi wa maiti! Toka! Toka kwa shamba yetu!” Ukang'oa kamba. Karenzi alicheka mpaka akakaa chini.

Barua yako ninayo hapa mezani. Umeandika “Njooni mufukie.” Nilipoisoma nilidhani kalamu imekuteleza, kwamba ulitaka kuandika mfukue. Maana nani humwita mtu kutoka Butare aje kufukia kitu ambacho hakijafukuliwa?

Konseye ameniambia wazi: hana muda wa ugomvi wa wanawake wawili. Kiangazi kikianza, Karenzi atavunja mawe. Mkuu wangu naye amesema nisahau kilima hicho. Kama kuna jambo ulinificha, sasa ndiyo wakati wa kulisema.

Drocella Mukamazimpaka


Gisenyi, Majengo
21 Mei 1999

Drocella,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Haidhuru, nami sikustahili.

Kwanza neno lako. Sisi huku tunasema kuzika, tunasema kuchimbula. Hayo yako mawili ni mapacha. Yanatofautiana kwa herufi moja tu. Nilipoona “tutafukua” juu na “tutafukia” chini, nilisema kalamu ya mtoto imeteleza. Nikaelewa kwamba mtaleta udongo muyafunike mawe, Karenzi asiyaone tena, mpaka siku serikali itakapopata akili. Nilifurahi mno. Nilimwambia Saidati: tazama watu waliosoma, wanaficha kitu mchana na hakuna anayejua. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anasahihisha kalamu ya mwenzake.

Sasa lile nililokuficha. Mwanzoni mwa mwaka jana baba yangu, Bizimana Yusufu, alikwenda shambani kutazama maharage yake. Ukumbuke zilikuwa siku za vita vya abacengezi, wale wapiganaji waliokuwa wanashuka kutoka msituni. Barabara ikafungwa nyuma yake. Hakupigwa risasi na mtu. Homa ilimkamata, akafia nyumbani kwa Valentin, jirani yetu wa shamba. Kutoka hapa mpaka Mahoko ni mwendo mfupi wa gari, lakini wiki ile Mahoko ilikuwa mbali kuliko Maka. Valentin na watoto wake walimzika pembeni ya jiwe la katikati, kwa sababu pale hapalimwi.

Barabara ilipofunguka nilikuta tuta la udongo na vijiwe juu. Nilimshukuru Valentin kwa mdomo, nikaondoka, na tangu siku hiyo namsalimia kwa mbali tu. Valentin ni Mkristo. Sisi maiti tunamlaza kwa ubavu wa kuume, uso kibla. Wao wanamlaza chali. Sijui walimlaza vipi baba yangu, na sitaki kuuliza, kwa sababu nikiuliza nitajibiwa. Kaburi la Mwislamu halifukuliwi ili mtu ageuzwe. Jibu baya ningekaa nalo mpaka nami nizikwe. Bora nisijue.

Kamba yako, Drocella, ilipita juu ya kifua chake.

Niite mwongo ukitaka. Lakini nataka mambo mawili, na sitaacha hata moja: baba yangu asifukuliwe, na mawe yasivunjwe, maana wakija kuyavunja watapita juu yake na matoroli yao. Kama elimu yako inaweza kunipa yote mawili, rudi. Kama haiwezi, nitafanya mwenyewe, sijui vipi.

Nasrine


Butare
31 Mei 1999

Mama yangu Nasrine, shikamoo. Pokea na ile niliyokunyima.

Nisamehe kwa kamba. Lile tuta niliona, nikadhani ni udongo wa viazi. Kazi yangu yote ni kuuliza nani amelala wapi, na siku ile sikumwuliza mtu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilitaka nikuandikie kwamba haiwezekani. Sheria yetu ni hiyo hiyo: bila kufukua hakuna ushahidi, bila ushahidi hakuna hifadhi. Halafu nikakumbuka kitu. Siku ile nilipotimuliwa, nilishuka kilima kwa hasira nikipita kwenye mitaro ya vyoo ya Karenzi. Katika ukuta wa mtaro mmoja niliona mawe meusi yamejipanga ndani ya udongo mwekundu, moja baada ya jingine, yamepinda kama upande wa duara. Hasira zilinifumba macho, nikapita. Mama, lile ni duara la pili, limezama ardhini, na Karenzi ameshalikata. Ametufukulia bila kujua. Pale hatumgusi baba. Tunasafisha tu jeraha ambalo lipo tayari.

Mkuu wangu amekataa kunipa gari. Nimemwambia nitakwenda kwa likizo yangu. Akasema likizo ni yangu, aibu itakuwa yangu pia. Nikamjibu asante, zote nitazibeba.

Tatizo ni kwamba siwezi kufika kabla ya mwisho wa Juni, na kiangazi hakinisubiri. Je, unaweza kumzuia Karenzi? Sijui utamzuiaje. Usipigane naye.

Wako,
Drocella


Gisenyi, Majengo
14 Juni 1999

Drocella,

Sikupigana. Nimehamishia kazi kilimani.

Aloys alinipandishia ile cherehani yangu ya mkono mpaka Mahoko, na kutoka pale nikailipia mbebaji. Nimeiweka juu ya jiwe la katikati, na ninashona hapo. Siku ya kwanza Karenzi alikuja na nyundo na vijana wake. “Mama, toka, tunafanya kazi.” Nikamwambia, “Na mimi iko kwa kazi.” Akasema hapo si dukani. Nikamwambia basi alete karatasi inayosema fundi cherehani asishone shambani kwa baba yake. Akaenda kuitafuta. Bado anaitafuta.

Wanawake wa Mahoko walikuja kucheka, wakabaki na nguo za kurekebisha. Sasa nina wateja kuliko Majengo. Konseye mwenyewe alipanda kunitoa, akaondoka ameacha suruali yake, zipu imekufa. Nimeitengeneza pole pole sana. Nimemwambia itakuwa tayari utakapofika wewe.

Kuna jambo moja si la kucheka. Kutoka nilipoketi namwona Valentin kila siku kwenye viazi vyake, na yeye ananiona. Juzi alipanda kidogo, akasimama mbali, akasema, “Nasrine, jua iko kali, nikuletee maji?” Nikasema hapana, asante, ninayo. Sikuwa nayo. Nilikaa na kiu mpaka jioni, kwa ubishi tu. Mjinga mkubwa.

Njoo haraka. Na safari hii ukifukua, useme kufukua.

Nasrine


Butare
27 Julai 1999

Mama Nasrine, shikamoo.

Imekuwa! Nimeishika karatasi kwa mikono yangu. Komini imesogeza mstari wa nyumba mpaka ng'ambo ya kijito. Kilele chote na mteremko wa mitaro havijengwi, na mawe hayavunjwi. Mkuu wangu ametia sahihi chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayetumaini wino utakauka njiani.

Namfikiria kila siku yule bibi tuliyemkuta pamoja ndani ya mtaro wa Karenzi. Nasema bibi kwa sababu mifupa ya nyonga ilituonyesha. Nilifurahi kwamba ulikuwepo nilipotoa udongo wa mwisho kwa brashi. Ulisema, “Disi, maskini, amelala kama mutoto,” na kweli alikuwa amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa mpaka tumboni, kiganja chini ya shavu, chungu kidogo karibu na kichwa. Uso ulitazama ziwa lenu la Gisenyi. Nani aliwaambia wamwelekeze ziwani, hatutajua. Mkaa uliokuwa chini ya chungu tumeupeleka ng'ambo upimwe. Majibu yatachukua muda mrefu, lakini hakuna tena anayesema habari za takataka za wakulima. Tumemfukia vizuri. Neno ni hilo hilo, kufukia.

Sasa nina ombi, na limenikalia vibaya moyoni. Ninachora ramani ya kilima. Lazima ionyeshe kila kaburi, la kale na jipya, ili asije siku moja mtu mwingine na kamba yake. Kwa kila kaburi tunaandika mambo manne: ni nani, kichwa kiko upande gani, uso umeelekea wapi, na nani alimzika. Kwa bibi wa mtaroni mawili tumeandika “haijulikani”. Kwa baba nimeandika jina lake tu.

Sitafukua. Hata nikilazimishwa sitafukua. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba yupo mtu aliye hai anayejua, na analima viazi hatua chache kutoka hapo. Watu wangu mimi walizikwa kambini Karagwe, na waliowazika wameshakufa. Nikitaka kuuliza, sina wa kumwuliza. Wewe unaye. Sikulazimishi. Ukisema pabaki wazi, patabaki wazi na sitauliza tena.

Wako,
Drocella


Gisenyi, Majengo
9 Agosti 1999

Drocella binti yangu,

Marahaba. Nilikukasirikia. Nilisema, mtoto huyu nimempa mawe, sasa anataka na moyo. Barua yako niliitia kwenye droo ya cherehani, nikashona juu yake wiki nzima. Nguo zote za wiki hiyo nimezikosea. Halafu Ijumaa, baada ya sala, nilipanda gari la Mahoko bila kumuaga mtu.

Valentin alikuwa kwenye viazi. Aliponiona ninakwenda moja kwa moja kwake, alivua kofia. Sikumsalimia hata kwa adabu. Nilisema tu, “Valentin, baba yangu mulimulaza namna gani?”

“Yewe, Nasrine. Mi nangojea hii neno tangu mwaka jana. Nilikuwa nasema, huyu mwana haulizi, labda anaona tulimutupa.”

Alitangulia mpaka juu, akafika penye kaburi, akaweka jembe chini. Na yule mzee, na magoti yake mabovu, akalala kwenye nyasi pembeni ya baba yangu. Akalala kwa ubavu wa kuume. Kichwa upande wa Ruhengeri, mashariki, miguu upande wa ziwa, na uso unatazama mlima Karisimbi, ambao siku ile ulikuwa wazi mpaka kileleni.

“Hivi,” akasema, shavu liko chini. “Watoto yangu walitaka sanduku. Nilikatala. Tulimufunga na shuka mbili ya bibi yangu, mama ya hawa watoto, nyeupe.”

Nikamwuliza nani alimfundisha.

“Hakuna mutu alinifundisha. Shamba yangu na yake inagusana. Miaka yote nilimuonaka akisali hapa. Anatandika gunia, anaangalia kule. Mvua, jua, anaangalia kule tu. Donc nilisema, kama mutu aliangaliaka kule akiwa muzima, mi niko nani nimugeuze akiwa amekufa?”

Nimemwuliza na shehe wetu, kwa kuhakikisha. Akatoka nje, akapima kwa mkono, akasema kutoka Mahoko kibla chetu kinapita pale pale Karisimbi.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia kwa sauti, watu wa mashamba ya chini wakasimama kunitazama. Nililia vilio vyote vya mwaka na nusu. Valentin wa watu aliogopa kuinuka; akabaki amelala vile vile mpaka nilipomwambia, “Inuka, Valentin, usije ukazoea.” Tukacheka wote wawili. Nilimwinua kwa mkono, tukashuka kwake, mke wake akanipa maji, nikanywa bilauri tatu.

Basi jaza ramani yako. Jina, Bizimana Yusufu. Kichwa, mashariki. Uso, kibla. Na pale panapouliza nani alimzika, usiandike jirani. Andika Valentin.

Mama yako,
Nasrine